Makovu Yaliyoandikwa na Yasiyoandikwa

Ujanani nilikuwa nikikesha na kitabu cha Adrian Carton de Wiart, Happy Odyssey, kilichotoka mwaka 1950. Jenerali huyu wa jeshi la Uingereza, mzaliwa wa Brussels, alidanganya umri na jina ili aende Vita vya Makaburu, na huko akapigwa risasi ya tumbo. Novemba 1914, akishambulia ngome ya Madarwishi, wapiganaji waliowapinga Waingereza, huko Shimber Berris, Somalia, akapoteza jicho la kushoto. Mwaka uliofuata, Ypres, mkono wake wa kushoto ulisagika. Daktari alipokataa kumkata vidole vilivyoning'inia, alivinyofoa mwenyewe. Julai 1916, La Boisselle, alichomoa pini za mabomu kwa meno, na kwa mapigano yale akatunukiwa nishani kuu ya ushujaa, Victoria Cross. Yakafuata majeraha ya kichwa, kifundo cha mguu, nyonga, mguu na sikio. Katika Vita vya Pili vya Dunia alitekwa, akafungwa Italia, na akiwa amevuka miaka 60 akatoroka kwa handaki walilochimba na wenzake.

Enzi zile nilipenda alivyoyapita maumivu kama mtu arukaye kidimbwi. Nishani ile kuu kitabuni hata haitaji. Niliona huo ndio uanaume.

Siku hizi nikikifungua, majonzi hunishika. Mtu aliyepasuliwa mara nyingi kiasi kile anaiaga dunia bila kutuambia usiku wa hospitali ulikuwaje. Lakini yeye angalau aliandika, na Churchill akamwandikia dibaji. Wasomali walioishambulia ngome ile pamoja naye, na Madarwishi waliokuwa ndani yake, hawakuachiwa kalamu.

Na wazee wetu wa Keya, yaani King's African Rifles, je? Walipelekwa Burma, wakapigana kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye mvua, matope na malaria. Tulipokuwa wadogo walikuwepo, barazani, na makoti yao ya jeshi yaliyochakaa. Mwenye mguu mbovu alijulikana kwa mguu wake. Mtaa mzima ulilijua kovu, na aliyeijua siku lilipopatikana alikuwa mwenyewe tu. Sasa karibu wote wametutoka. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam imesimama tangu 1927 kuwakumbuka wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na hata jina moja la askari haina.

Wa Vita vya Kagera bado tunao. Waliovuka mpaka kumfuata Amin na kuingia Kampala Aprili 1979 ni wazee wetu wa leo, wengine na vyuma mwilini. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mashada, mkuki na ngao, kisha tunarudi nyumbani. Haitoshi. Kama babu yako, mjomba wako au jirani yako alikuwa kule, nenda kwake wiki hii na simu ya kurekodia. Muulize alijeruhiwa wapi, nani alimbeba, alipewa nini aliporudi, kisha mwache aseme hadi achoke. Andika jina lake kamili.