Kuhama Si Kuhamia

Wahenga walilonga kwamba kutangulia si kufika. Mwanafunzi wa sarufi angeweza kuongeza kwamba kuhama si kuhamia. Mzizi ni mmoja, lakini kauli ya kutendea ina uzito wake: anayehama huacha mahali, anayehamia hupata mahali. Tofauti hiyo, ambayo darasani huonekana kuwa ya vinyambuo tu, ilimkosesha usingizi kijana mmoja Mkenya jijini Houston, katika jimbo la Texas, alipokuwa akipanga kuhamisha masomo yake ya uhandisi.

Kijana huyo aliondoka Nakuru na mamake akiwa bado katika shule ya msingi. Baada ya masomo ya sekondari alijiunga na chuo cha miaka miwili kilichokuwa karibu na nyumbani, ambako karo ilikuwa nafuu, kwa nia ya kumalizia shahada katika chuo kikuu. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuchagua: Chuo Kikuu cha Purdue, jimboni Indiana. Hapo ndipo Neil Armstrong, binadamu wa kwanza kukanyaga mwezi, alipohitimu katika uhandisi wa ndege mnamo 1955. Hapo pia ndipo aliposomea Eugene Cernan, aliyekuwa wa mwisho kuondoka mwezini mwaka wa 1972. Mtoto aliyekua akiunda ndege za vipande vya mabati angeota kwingine kupi?

Hata hivyo, ndoto hupaa bila nauli. Anayelipa ni mwotaji. Vyuo vikuu vya umma nchini Marekani hupata ruzuku kutoka kwa majimbo, nayo majimbo huitoa katika kodi za wakazi wao. Kwa hiyo mkazi hupunguziwa karo, naye mwana wa jimbo jingine hulipishwa zaidi. Purdue ilizuia karo yake isipande kuanzia 2013, na kwa zaidi ya miaka kumi mkazi akawa analipa dola 9,992 kwa mwaka, ilhali Mmarekani wa jimbo jingine analipa dola 28,794. Pengo hilo ni dola 18,802 kila mwaka, kabla ya malazi na chakula.

Rafiki mmoja alimshauri akodi chumba Indiana na kujiita mkazi. Kijana alisoma kanuni, akabaini kwamba ukazi aghalabu hudai miezi 12 mfululizo, na kwamba anayehamia jimboni kwa ajili ya masomo hahesabiwi kuwa mkazi. Mlango huo ukafungika.

Lakini kilichomtia hofu zaidi hakikuwa karo. Vyuo vya umma vya Texas vina nambari za pamoja za kozi: kalkulasi ya kwanza ni MATH 2413, nayo statiki ni ENGR 2301. Ndani ya jimbo, nambari hizo ni kama sarafu inayokubaliwa katika kila duka. Nje ya mpaka, kila kozi hulinganishwa upya, silabasi kwa silabasi. Kozi yenye pacha huziba nafasi ya pacha wake. Isiyo na pacha huweza kupokewa kama krediti za jumla tu. Imepokewa, naam, lakini shahada haikusogea. Na uhandisi ni mnyororo: statiki isipohesabiwa, dinamiki haianzi, kalkulasi ya pili ikikwama, ya tatu nayo hukwama. Krediti 60 zaweza kuhama, na mwenyewe asihamie popote.

Alfajiri moja mamake alirejea kutoka zamu ya usiku katika makao ya wazee, akamkuta mezani na hesabu zake. Aliisoma karatasi polepole.

"Mwanangu, hapa umeandika miaka miwili. Ni miwili kweli?"

Kijana alinyamaza kitambo. "Yaweza kuwa mitatu, mama."

Mama hakufoka. Akiba yake ilikuwa ya kujenga nyumba Nakuru, na wote wawili walijua kwamba mwaka huo uliofichwa ungeibomoa kabla haijajengwa. Alivuta kiti, akasema, "Basi uandike, tuuone."

Kijana aliandika upya. Alichunguza orodha ya ABET, asasi inayotoa ithibati kwa programu za uhandisi, si kwa chuo kizima, na akagundua kwamba programu ya uhandisi wa ndege katika chuo kikuu kimoja cha Texas, ambacho alikuwa amekipuuza kwa kuwa kilikuwa karibu, ilikuwa na ithibati hiyo hiyo. Alikusanya silabasi zake zote. Kisha akatuma maombi mawili, moja kwa kila jimbo, na chini ya karatasi akaandika sharti: asingekwenda Indiana ila kozi zake za msingi zihesabiwe kwa majina yake, na ufadhili uzibe pengo. Mama alitia sahihi, naye akatia yake.

Je, aliisaliti ndoto yake? La hasha. Aliinyima tu ruhusa ya kula jasho la mtu mwingine kwa siri. Wengi wetu hupanga namna ya kuondoka, tukasahau kuuliza tutapokewa kama nani huko tuendako. Kijana huyu aliuliza angali upande huu wa mpaka, wakati ambapo jibu lolote lilikuwa bado na faida.