Imani Yako Inaonekana Wapi, Kijana?

Mwezi huu nimeombwa kuandika juu ya vijana na imani. Sitaandika mahubiri, maana wahubiri tunao wengi. Nitawaelezea jambo lililonipata mimi mwenyewe, ambalo mpaka leo linanipa haya.

Ilikuwa mwaka 2015. Kambi yetu ya Nyarugusu, ambayo sisi Wakongo tuliingia tangu 1996, ilipokea ndugu zetu wa Burundi kwa maelfu. Nafasi ilikuwa ndogo, wengine wakalala makanisani na mashuleni. Kanisa letu likajaa pia. Kwaya yetu ikawa inafanyia mazoezi chini ya mti. Mimi nilikuwa na miaka 17, napiga gitaa, na watoto wa bloki walikuwa wananifuata kila mahali.

Shida kubwa ilikuwa maji. Mabomba ni yale yale, watu wamekuwa wengi sana. Mimi nilikuwa na nguvu. Nikifika bombani nasogeza bidoni za wageni pembeni, naweka zangu. Wakilalamika nawajibu, "Sisi ndio wenyeji hapa." Wenyeji gani? Mkimbizi anamwambia mkimbizi! Halafu jioni naoga, nachukua gitaa, naenda kumsifu Mungu.

Siku moja mama alimtuma mdogo wangu, mwenye miaka 10, kuchota maji. Akarudi mbio, bidoni imejaa. Mama akashangaa. Punde akaja jirani yetu, mama mmoja Mwislamu, akasema, "Mtoto wenu amemsukuma bibi wa Kirundi kule bombani. Ameanguka, ameumia mkono."

Mama akamuuliza mtoto, "Nani amekufundisha mambo haya?"

Mtoto hakulia. Alininyoshea kidole. "Si ni yaya anafanyaka hivyo?"

Wapenzi, nilikosa pa kuficha uso. Siku zote nilifikiri kwamba nitakuja kuwa mfano kwa wengine siku nikiwa mkubwa, labda nikiwa mwalimu au mchungaji. Kumbe nilikuwa mfano tayari! Mtoto yule hakukariri nyimbo zangu. Alikariri mikono yangu.

Kesho yake asubuhi nilimshika mkono tukaenda kwa yule bibi. Kirundi nilijua "amahoro" tu. Tulipiga magoti, tukaomba radhi, tukachukua bidoni yake. Tulimchotea maji kila siku, na tulipanga mstari kama wengine wote. Vijana wenzangu walinicheka, wakaniita boyi wa Warundi. Lakini wawili wa kwaya wakaja kusaidia, baadaye na wasichana. Hatukufanya mkutano wala semina. Tukazoea tu kuwatanguliza wazee na mama wajawazito.

Sisemi kwamba ugomvi wa bombani uliisha. Na mkono wa bibi haukunyooka tena vizuri. Baadaye alirudi Burundi, sikupata habari zake tena. Msamaha alitupa, lakini mkono sikuweza kumrudishia.

Vijana wenzangu, Mtume Paulo alimwagiza Timotheo awe kielelezo angali kijana. Hakumwambia angoje mvi. Wewe unayesali kanisani, wewe unayeswali msikitini, jua kwamba watoto wa bloki hawaji kukuangalia pale tu. Wanakuangalia kwenye mstari wa posho, uwanjani, na nyumbani unapomjibu mama yako. Ukitaka kubadilisha bloki yako, anzia pale ambapo hakuna anayekupigia makofi.

Na nyinyi wazazi, mtoto akikosea, msimuulize yeye peke yake. Muulizeni na yaya wake.

Mdogo wangu sasa ni kijana mkubwa. Juzi nilimwona bombani akimtwika mzee mmoja bidoni. Hakujua kwamba namwangalia. Niliondoka polepole, namshukuru Mungu.

Ni mimi kaka yenu, mpiga gitaa wa kwaya.