Mpangaji Asiyelipa Kodi

Nyoka huyo aliingia chumbani kwetu Kyebando mwezi wa Aprili, usiku ambao mfereji wa Nsooba ulifurika na maji yakafika kizingitini. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumepandisha godoro juu ya meza na kumulika kila pembe kwa tochi ya simu, ndipo tukamwona amejikunja nyuma ya gunia la makaa. Alikuwa mwembamba, rangi ya kahawia, urefu wake kama mkono wangu, na kila upande wa kichwa alikuwa na mistari miwili hafifu ya rangi ya maziwa. Nikashika ufagio. Mdogo wangu, ambaye yuko sekondari na huamini kila kilichoandikwa katika kitabu cha bayolojia, akanizuia.

"Dada, ngoja kwanza. Huyu hana sumu."

Hakuwa na uhakika, wala mimi sikuwa nao. Tulimfunika kwa beseni tukakesha. Asubuhi nilimwita mwenzangu wa chuo anayesoma zoolojia. Alikuja, akainua beseni kwa fimbo, akamtazama kwa muda mrefu kisha akacheka. Alikuwa nyoka wa nyumbani wa kahawia, asiye na sumu, anayewinda usiku na kuua panya kwa kuwabana.

Neno panya ndilo lililomwokoa. Aliyewahi kupanga chumba huku kwetu atanielewa. Wiki hiyohiyo panya walikuwa wametafuna sabuni, mkate, na kurasa nne za maelezo yangu ya fonolojia. Tukamtafutia nyoka sanduku la plastiki lenye mfuniko, tukalitoboa matundu, tukatandika gazeti, tukaweka kopo la maji na kigae cha chungu cha kujifichia. Mdogo wangu akamwita Mpangaji, kwa kuwa alihamia bila kulipa kodi hata ya mwezi mmoja.

Kwa miezi miwili alikuwa mpole kuliko paka. Alipanda mkono wangu polepole, akatulia kwenye mkunjo wa kiwiko, ulimi ukiingia na kutoka. Nami, sitaficha, nikaanza maringo. Jumamosi wanafunzi wenzangu walikuja kumwona, nami nikawa namtoa kama mtu anayetoa vikombe vipya mbele ya wageni. Nilimpitisha mkono kwa mkono. Waliopiga kelele ndio walionifurahisha zaidi.

Mwishoni mwa Juni aliniuma. Nilidhani ni bahati mbaya. Siku ya pili alijikunja kama herufi S, akafoka, akaniuma tena. Jumamosi iliyofuata, badala ya kuwaambia wageni kwamba nyoka hana raha, nilinyamaza kwa kuona haya, na rafiki yangu mmoja akatia mkono sandukuni. Jeraha lilikuwa dogo, vitone vya damu tu, tukaliosha kwa maji na sabuni. Lakini alilia, na mayowe yake yakafika kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba wetu ni bibi tunayemwita Jjajja, na ua wake una watoto saba. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Akitoka humo, mwanangu, nawe utatoka siku hiyohiyo," akasema. "Nakupa wiki tatu. Baadaye namwita kijana mwenye panga."

Mitihani ilikuwa karibu na sikuwa na pa kwenda. Nikafanya nilichodhani ni dawa, yaani kumzoesha kwa nguvu. Nilivaa glavu, nikamtoa mara tatu kwa siku, nikamshika nyuma ya kichwa ili asiniume. Kila siku alizidi. Ikafika mahali nikigusa mfuniko tu anajirusha, na nikimshika ananimwagia kinyesi chenye harufu ambayo haikutoka mikononi hata kwa ndimu. Jjajja alikuwa akipita dirishani anahesabu siku kwa sauti.

Mwenzangu wa zoolojia hakunipa dawa yoyote. Aliniuliza maswali matatu: macho ya nyoka yana rangi gani sasa, sanduku limewekwa wapi, na kabla ya kumshika huwa nimeshika nini. Sikuweza kujibu swali la kwanza. Nilimtoa kila siku mbele za watu na sikujua macho yake yana rangi gani.

Nilirudi nikatazama. Yalikuwa ya buluu hafifu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Alikuwa anakaribia kujivua gamba. Msemo huo tulifundishwa darasani kama msemo wa siasa za Tanzania, tangu CCM walipoutumia mwaka 2011 kuhusu kujisafisha, nami niliuandikia hadi insha bila kuwaza kuhusu nyoka mwenyewe. Kumbe ngozi ya zamani inapoanza kuachana na mpya, majimaji hukaa kati yake, na kwa kuwa nyoka hana kope bali kigamba juu ya jicho, kwa siku kadhaa huona ukungu. Kila kivuli kinachoshuka kutoka juu kwake ni mwewe. Na mimi nilikuwa nashuka kutoka juu mara tatu kwa siku.

Sanduku nalo lilikaa sakafuni, limeegemea ukuta tunaochangia na mashine ya kusaga mahindi, inayoanza kunguruma alfajiri. Nyoka hana tundu la sikio, lakini taya lake likiwa chini hupokea kila mtikisiko. Mimi nilikuwa nimeizoea mashine hiyo kiasi cha kutoisikia. Swali la tatu nilikuwa na jibu lake, nikaona aibu kulisema: nilikuwa namlisha vitoto vya panya kwa mkono, kisha namshika kwa mkono uleule.

Tulihamishia sanduku chini ya kitanda, mbali na ukuta, juu ya blanketi lililokunjwa, tukalifunika kwa leso. Siku tisa hatukumgusa. Tulibadilisha maji tu. Hizo zilikuwa siku ngumu kuliko za kuumwa, maana Jjajja aliendelea kuhesabu nami nilionekana sifanyi lolote. Siku ya saba tulikuta gamba limevuliwa zima, kama soksi, limenasa kwenye kigae.

Kisha nikaanza upya. Niliosha mikono kwa sabuni isiyo na manukato. Nilimgusa kwanza ubavuni kwa gazeti lililokunjwa, ili ajue kwamba kilichokuja si chakula. Nilimwinua katikati ya mwili kwa mikono miwili, nikitokea upande, nikauacha mwili wote ukiegemea mikono yangu bila kukibana kichwa. Dakika mbili, basi, nikamrudisha akiwa bado ametulia. Siku moja namshika, siku moja namwacha, na akishakula anapumzika siku mbili kamili. Mara ya tatu aliniuma. Sikuvuta mkono, kwa sababu meno yake yamepinda kuelekea nyuma na kuvuta ndiko kunakochana. Nilikaa kimya, moyo ukinidunda, mpaka akaachia mwenyewe.

Tuna methali kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Darasani sote tulijiweka upande wa aliyeumwa.

Siku moja kabla ya wiki tatu kuisha nilimtoa mbele ya Jjajja. Alisimama mbali, akasogea, akarudi nyuma, kisha akanyosha kidole kimoja. "Kumbe ni mkavu," akasema, kama mtu aliyedanganywa maisha yake yote. Akaniachia chumba.

Lakini swali la nne lilikuwa bado. Mwenzangu aliliuliza akiwa anaaga: "Una kibali?" Sikuwa nacho. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na makao makuu ya mamlaka yenyewe yako Kamwokya, jirani kabisa na kwetu. Ningeweza kunyamaza. Ni nani angejua? Nilikuwa nimemrudisha katika upole wake, nikaona ni haki yangu kubaki naye. Mdogo wangu hakusema nami siku mbili nilipomweleza nilichoamua.

Tulimtia ndani ya foronya, tukaifunga kwa kamba, tukaiweka kikapuni. Tulikwenda kwa miguu, kwani ni mwendesha bodaboda gani angekubali mzigo huo? Afisa aliyetupokea aliniomba nifungue mwenyewe. Nikaingiza mkono kwa upande. Mpangaji akapanda, akajizungusha kwenye kifundo cha mkono, akatulia.

"Amekuwa mpole hivi siku zote?" akauliza.

"Hapana," nikamjibu. Mdogo wangu akatazama sakafu.

Usiku ule tulilala mapema. Saa sita hivi kitu kikapita mbio juu ya dari, kikasimama, kikaanza kutafuna.

"Dada," mdogo wangu akaniita gizani, "unasikia?"

Nilikuwa nasikia.