Madoa Alikuwa Wapi?

Ndugu zetu waliotangulia kuandika katika kurasa hizi wana khabari za harusi, za wajukuu na za watoto waliomaliza chuo kikuu. Nyumba yetu mwaka ule ilikuwa na khabari moja tu, nayo ni ya paka. Msitucheke. Katika nyumba za ugenini, ambamo vijana hutoka alfajiri na kurudi usiku, paka ndiye anayeshinda na mzee. Basi khabari ya paka wetu ni khabari ya mama yangu.

Sisi tunakaa Southsea, katika mji wa Portsmouth. Wageni hawasadiki nikiwaambia kuwa sehemu kubwa ya mji huu imo kisiwani, na kwenda bara sharuti uvuke daraja. Mama aliupendea hilo tangu siku ya kwanza. Paka wake ni dume la kijivu lenye mabaka meupe, jina lake Madoa. Usiku wa tarehe 5 Novemba 2024, Waingereza walipokuwa wakipiga fataki zao za kila mwaka, Madoa alichomoka kwa dirisha la jikoni, asirudi.

Kila mtu alitoa fikra yake. Mwanangu alisema amejifungia katika kibanda cha bustani ya mtu. Mke wangu aliogopa magari, ila hakulisema hilo mbele ya mama. Mama mwenyewe alishikilia kuwa amesafiri. Pwani yetu ina hovakrafti inayokwenda Ryde, Isle of Wight, safari ya dakika kumi hivi, naye akasema, "Paka wa bandari hashindwi na chombo." Sisi tulicheka. Yeye hakucheka, na chakula cha usiku hakukigusa.

Siku ya nne alivaa koti, akachukua picha ya Madoa, akaanza kubisha hodi mtaa mzima. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Miaka 22 tumekaa mtaa ule, naye alikuwa akijua milango miwili tu. Jioni ile alirudi amechoka, lakini amekwisha kuingia nyumba kumi na moja. Katika moja alinyweshwa chai na bibi wa Kiingereza ambaye naye, kwa alivyofahamu mama, hakuwa amezungumza na mtu tangu Ijumaa.

Jumapili ya tarehe 24, siku ya upepo mkali, Madoa aliingia kwa dirisha lile lile. Siku kumi na tisa! Tulimtazamia mifupa mitupu, kumbe amenenepa. Manyoya yake yalinukia sabuni, na shingoni alikuwa na utepe wa kijani wenye kengele ndogo. Mwanangu alifurahi. Mama aliushika ule utepe, akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, kuna mtu leo anamngoja huyu na kisahani mkononi."

Tangu hapo nimesoma mengi juu ya safari za paka. Mwaka 2013 BBC iliwavisha paka 50 wa kijiji cha Shamley Green, Surrey, vyombo vya kufuatia nyendo zao, ikaonekana wengine wanaingia nyumba za watu na kula chakula cha wenzao. Mwaka 2020 wataalamu walitoa matokeo ya paka 925 wa Uingereza, Marekani, Australia na New Zealand: wengi wao hawakutoka zaidi ya mita 100 kutoka kwao. Kwa hivyo huenda Madoa hakuliona hata daraja. Huenda alikuwa nyuma ya ukuta wa pili, akitusikia tukimwita, huku akikunwa kichwa na mkono mwingine.

Mama alitaka tumtafute mtu yule, si kumlaumu, bali kumwambia kuwa paka yu hai. Tulibandika karatasi kwenye nguzo: paka amerudi kwao, aliyemtunza tunamshukuru, na karibu chai. Hakuja mtu. Nilitaka kuukata ule utepe, mama akanikataza. "Uache. Akimwona njiani, ajue hatukuutupa."

Sasa niwape wenzangu la faida. Tangu tarehe 10 Juni 2024, sheria ya hapa England inataka kila paka wa nyumbani atiwe chipu chini ya ngozi kabla hajatimiza wiki 20, na asiyetimiza anaweza kutozwa hadi pauni 500. Chipu hiyo ni kama punje ya mchele. Haikuonyeshi paka yuko wapi. Ina nambari tu, na daktari wa wanyama huisoma kwa mashine akapata anwani yako. Kwa hivyo ukihama nyumba au ukibadilisha simu, kawaarifu. Na akikujia paka usiyemjua, mpe chakula, lakini kampeleke asomwe. Pengine yuko mzee mtaa wa pili ambaye halali.

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure. Madoa alikoenda anakujua mwenyewe. Mama naye, kila Alkhamisi baada ya adhuhuri, anakwenda kunywa chai kwa yule bibi, na mazungumzo yao hayana lugha. Anawasalimu nyote.