Yai la Siku ya Tisa

Nyololo, pale njia ya Mgololo inapoiacha barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, kuku ndiye daftari, ndiye nauli, ndiye mboga ya mgeni. Mdondo ukiingia kijijini, kuku wanazubaa, wanaharisha kijani, shingo zinapinda. Siku chache tu banda limebaki manyoya. Mama aliwanywesha maji ya pilipili. Walikufa vilevile.

Nilipoajiriwa fundi sanifu katika maabara ya mifugo Temeke, Dar es Salaam, nilikutana tena na kirusi cha mdondo, safari hii kikikuzwa kwa makusudi ndani ya yai. Kirusi hakioti kwenye sahani ya chakula kama bakteria. Hutaka chembe hai. Mwaka 1931, kule Marekani, Alice Woodruff na Ernest Goodpasture walikuza kirusi cha ndui ya kuku ndani ya yai lenye kiinitete, na tangu hapo yai likawa shamba la chanjo nyingi, ikiwamo ya homa ya manjano. Sisi tulipanda I-2, mdondo mpole uliochaguliwa Australia na Profesa Peter Spradbrow na wenzake, unaostahimili joto kuliko chanjo za kawaida.

Siku ya 9 au ya 10 ya kuatamiwa tuliyamulika mayai gizani. Yai zuri lina mishipa myekundu iliyotandaa, na kiinitete hujigeuza ukiangalia. Nilichora kwa penseli mpaka wa chumba cha hewa, nikafuta ganda kwa spiriti, nikatoboa, nikapitisha sindano hadi chini kidogo ya mpaka ule na kuingiza mililita 0.1 ya mbegu. Tundu huzibwa kwa nta; rangi ya kucha nayo inafaa kabisa.

Kesho yake tulimulika tena. Lililokufa ndani ya saa 24 tulilitupa, kwa kuwa hilo limeuawa na sindano au uchafu. I-2 haiui kiinitete, kwa hiyo tuliyataka mayai hai hadi siku ya kuvuna. Baada ya siku 4 yalilala kwenye jokofu usiku kucha ili mishipa isinyae, maana damu ikichanganyika na maji ya yai, chembe zake hukinasa kirusi na mavuno hupungua. Asubuhi nilikata ganda juu ya chumba cha hewa na kufyonza maji meupe. Tone lake nililichanganya na chembe nyekundu za damu ya kuku: zikitandaa kama wavu, kirusi kipo, zikituama kitone kimoja katikati, hakuna kitu. Katika kazi zote za maabara, hii niliipenda zaidi, na sikuwahi kuizoea.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kila nilipokwenda likizo nyumbani, niliitwa kuku wakishaanza kufa. Chanjo haitibu. Kuku aliyekwisha kuugua hatapona kwa tone lolote la Temeke wala la ng'ambo.

Basi ndugu mfugaji, chanja kuku wangali wazima: tone moja kwenye jicho moja, vifaranga kwa wakubwa, kila baada ya miezi 3. Na mpatane kitongoji kizima mchanje siku moja, kwa sababu kuku wa jirani hajui mpaka wa ua wako.