Mfuniko wa Tangi na Komeo Lake

Nyumba nyingi za mwambao wetu huwa na kisima au tangi la maji chini ya ua. Maji ni neema, ila mdomo wa tangi ni hatari palipo na watoto. Tulipomaliza kujenga tangi letu jipya, nasi tunawatarajia wajukuu likizoni, niliketi na fundi wa chuma tukashauriana namna ya kuufunga mdomo huo.

Tulikubaliana juu ya bamba la chuma lenye unene wa milimita 6, sentimita 80 kwa 80. Uzito wake hufika kilo 30. Wapo wasemao kwamba uzito huo watosha kuwa kufuli. Haiwi hivyo. Mfuniko ukishikwa na bawaba upande mmoja, anayeinua upande wa pili hubeba nusu tu, nayo kilo 15 haimshindi mvulana aliyekaza nia. Tena uzito huohuo, mfuniko ukianguka, huvunja vidole. Basi mfuniko wahitaji kufungwa mara mbili: ukiwa umelala, na ukiwa umesimama.

Kwa kufunga la kwanza tuliiga milango ya wazee wetu. Kwa ndani, mlango ulizuiwa na komeo la mti. Kwa nje, mnyororo uliingia katika tumbuu, kisha kufuli. Aliyeusukuma mlango alipambana na komeo, si na kufuli. Nasi tulipitisha nondo ya milimita 16 katika pete nne zilizochomelewa, mbili mfunikoni na mbili kwenye fremu. Nondo ndiyo inayozuia. Kazi ya kufuli ni kuizuia nondo isichomoke. Kufuli lenyewe ni la shaba, maana chumvi ya bahari hula chuma upesi.

Kwa kufunga la pili, fundi aliunga mkono wa chuma chini ya mfuniko. Mfuniko ukisimama, ncha ya mkono huangukia yenyewe katika pengo la fremu na kukaa hapo. Kuufunga tena, sharti uusukume mfuniko nyuma kidogo kisha uinue mkono. Upepo au mtoto anayepita hawezi kufanya yote mawili kwa bahati mbaya. Hatukutia springi, kwani hushikwa na kutu. Kuanguka kwa uzito ni hila kongwe: makufuli ya mbao ya Misri ya kale yalifungwa kwa vijiti vilivyoanguka hivyohivyo.

Mke wangu ndiye aliyeuliza swali zito: je, siku ya dharura, bibi aliye peke yake nyumbani ataweza kufungua? Fundi akatengeneza mpini wa bomba unaochomekwa mfunikoni, ukafikisha sentimita 120 kutoka kwenye bawaba. Kwa urefu huo, kilo 15 zikashuka hadi 10. Mpini na ufunguo hutundikwa pamoja jikoni, juu ya kimo cha watoto, na kila mtu mzima wa nyumba apajua mahali hapo.

Ndugu msomaji, tazama mfuniko wa nyumba yako kabla ya likizo. Mtoto asiweze kuufungua, ukifunguliwa usiweze kuanguka, na mzee aweze kuufungua haja ikizuka. Ukikosa moja katika hayo matatu, mwite fundi. Watoto ni amana.