Maji ya Kigongo

Kabla ya Juni 2025, safari yetu ya Shinyanga kwenda Geita ilikatwa na ziwa. Kigongo tulishuka kwenye basi, tukapanda kivuko kwa miguu, tukasimama kwenye ukingo tukitazama Busisi ikisogea taratibu. Mume wangu ni mchimbaji mdogo, si msemaji. Ni humo kivukoni aliponiambia mwenzake alifukiwa na kifusi kwenye duara, na kwamba anaogopa kurudi.

Sasa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3, linatuvusha kwa dakika chache. Ni heri, wagonjwa hawasubiri tena foleni ya kivuko.

Juzi, nikiwa likizo ya masomo ya uzamili, tulivuka tena. Katikati ya daraja akavuta pumzi, kama anayetaka kusema. Tukawa tumeshafika Busisi.

“Ulikuwa unasemaje?”

“Acha tu.”